Maana ya Jina na Kisa cha Jina

"Hana nini?" Bibi aliuliza, akingoja sentensi imalizike. Kumbe ilikuwa imekwisha. Mdogo wangu, aliyejifungua wiki ile hapa Ilemba, alikuwa amemchagulia binti yake jina kwenye simu: Hana, la Kijapani, maana yake ua. Nikamkumbusha Bibi kwamba hata mama yake Samweli kwenye Biblia ni Hana. "Naye si alikaa miaka bila mtoto?" akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Neno lililotugonganisha ni maana. Katika onomastiki, yaani elimu ya majina, neno hili hubebeshwa mizigo miwili tofauti. Kwa Wajapani, maana ya jina aghalabu hukaa kwenye maandishi, katika kanji, herufi zenye asili ya Kichina ambazo kila moja ina maana yake. Hana ikiandikwa hivi ni ua, vile ni fahari. Ukiitamka tu, yaweza hata kuwa pua. Kwa hiyo serikali yao huchunga maandishi: mzazi ana siku 14 za kuandikisha mtoto, na kanji zinazoruhusiwa kwenye majina hazizidi 3,000. Mwaka 1993, huko Akishima, Tokyo, wazazi walitaka kumwita mtoto wao Akuma, yaani ibilisi. Kanji zake zote mbili zilikuwa kwenye orodha. Kesi ikazuka, na mwishowe mtoto akapewa jina jingine.

Huku kwetu Ilemba, bondeni, tunauliza kwa namna nyingine: "Kulikoni mkamwita hivyo?" Kulwa na Doto, majina ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, ni pacha wa kwanza na wa pili, Shija ni aliyewafuata. Mabula alikuja na mvua, Chausiku usiku. Sasa chukua Shida, au Sikujua. Ukitafuta maana kwenye kamusi utadhani mzazi kamlaani mwanawe, kumbe anasimulia yaliyomkuta. Hata kina Gaudensia na Kalisto waliojaa kule juu Ufipa, hakuna anayewauliza maana ya majina yao. Wengi walipewa jina la mtakatifu wa siku yao.

Majina ya aina hii nayaita majina ya kisa. "Jina la tukio" lingefaa, ila linanukia ripoti ya polisi. Kisa ni sababu, na ni hadithi pia. Jina kama Shida linahitaji vyote viwili. Wajapani nao wanayo: Ichiro ni mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu. Hao nawahesabu upande wa Kulwa na Doto.

Mdogo wangu hakubadili. Kadi ya kliniki imeandikwa Hana, kwa kalamu ya bluu. Ila usiku ule wa uchungu mvua ilikuwa haikatiki, pikipiki ikazama topeni hadi ekseli, na mama mtarajiwa akamalizia njia kwa miguu, kanga kichwani. Bibi anamwita mtoto Masika.