Punda wa Ata Alibeba IKEA Kabla ya IKEA

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndio tuelewane.

Mwaka jana nilipaka keja yangu ya Lodwar rangi nyeupe, kuta zote nne. Ni chumba kimoja cha mabati, ndani kimezibwa na plaiwudi. Nilikuwa nimekesha Pinterest siku tatu nikiangalia nyumba za Sweden na Denmark. Mnazijua: ukuta mweupe, meza ya mbao isiyo na mbwembwe, taa moja, kiti kimoja, na utulivu fulani hivi unaofanya uone maisha yako ni fujo. Nikaagiza ngozi ya kondoo ya kutandika kwa kiti. Feki. Shilingi 2,800 kutoka Nairobi. Nikarekodi video, mkaipenda sana, asanteni.

Kitu sikuwaonyesha ni wiki iliyofuata. Vumbi la Lodwar halina adabu, linaingia hata kwa mlango uliofungwa. Ule ukuta ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Saa saba mchana, bati likishapata moto, ile ngozi ilikuwa inachoma kama sufuria. Nikachukua laptopu nikahamia nje, chini ya mti, mahali nilikuwa nakaa kabla sijatumia hata shilingi moja.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani Lokitaung. Nikamwonyesha nyanya yangu picha kwa simu. Sisi tunamwita ata. Akaangalia sana ile ngozi, kisha akaniuliza kama ni kweli nimetoa pesa kununua ngozi. Yeye alikuwa amekalia ngozi ya mbuzi, ya kweli, ya bure.

Nilicheka, lakini swali lilinibaki. Mimi si mwanahistoria. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwisha. Lakini kusoma hakuhitaji karo, na nilitaka kujua kitu kimoja: hawa watu wa Scandinavia walifikaje pale kwa ule ukuta mweupe?

Jibu la kwanza ni umaskini.

Tunawaona leo matajiri tunadhani walizaliwa hivyo. Hapana. Kati ya 1850 na 1930, Waswidi zaidi ya milioni moja walihama kwao wakaenda Marekani, wengi wao wakikimbia njaa na ukosefu wa mashamba. Finland ilipigwa na njaa mbaya 1866 hadi 1868. Hizi zilikuwa nchi za wakulima, baridi kali, usiku mrefu. Stockholm mwezi wa Desemba jua linakaa juu kama saa sita tu, kisha giza. Sasa fikiria ukuta mweupe katika hali hiyo. Haukuwa mtindo tu. Ulisaidia kushika kale kamwanga kadogo na kukasambaza ndani ya nyumba. Ngozi ya kondoo nayo ilikuwa ya kuzuia baridi isikuue.

Mimi nikachukua dawa ya giza na baridi nikaileta Lodwar, mahali jua limejaa mpaka tunalikimbia na joto linafika nyuzi 35 na zaidi. Ndio maana nilichomeka.

Jibu la pili ni wanawake.

Mwaka 1899 mchoraji Mswidi Carl Larsson alitoa kitabu cha picha za nyumba yake iliyoko kijiji cha Sundborn. Kinaitwa Ett hem, yaani nyumba moja ya nyumbani. Watu wengi wanaona picha zile zilichangia sana ule muonekano tunaouita wa Kiswidi. Lakini aliyefuma vitambaa vya nyumba ile na kubuni sehemu ya fanicha zake ni mke wake, Karin. Carl alichora, Karin alitengeneza, na jina kubwa likabaki kwa Carl. Mwaka huohuo mwandishi Ellen Key alikuwa anahubiri kwamba uzuri ni wa kila mtu, hata familia ya mfanyakazi wa kiwanda inastahili kiti kizuri na kitambaa kizuri. Hii ni hoja ya siasa jameni, si hoja ya mapambo.

Jibu la tatu ni soko. Kuanzia 1954 hadi 1957 maonyesho yaliyoitwa Design in Scandinavia yalizungushwa miji mingi ya Marekani na Canada. Nchi za Kaskazini ziliunganisha vitu vyao, zikavipa jina moja, zikauza. Mwaka 1960 Kennedy na Nixon walipokuwa kwenye mdahalo wa televisheni, viti vilivyokuwa studioni vilikuwa vya Mdenmaki Hans Wegner. Ungelipia tangazo kama hilo shilingi ngapi?

Na IKEA je? Ingvar Kamprad aliianzisha 1943 akiwa na miaka 17, mtoto wa shamba kutoka Småland, sehemu ya Sweden inayojulikana kwa mawe na ubahili. Mwaka 1956 wakaanza kuuza fanicha ikiwa vipande ndani ya boksi. Hadithi yao wenyewe ni kwamba mfanyakazi mmoja, Gillis Lundgren, alishindwa kuingiza meza kwa gari, akang'oa miguu. Basi. Ule uamuzi mdogo ulibadilisha biashara ya fanicha duniani.

Hapo ndipo nilisimama nikamkumbuka punda.

Ata alikulia kwa kuhama. Mvua ikienda, mifugo inaifuata, na nyumba inaifuata mifugo. Nyumba ya Mturkana inaitwa akai, na anayeijenga ni mwanamke. Anachukua fito, anazipinda mpaka zinakutana juu, anazifunga kwa kamba, kisha anafunika kwa makuti ya mkoma au ngozi. Siku ya kuhama, kile kinachofaa kinafunguliwa, kinafungwa kwa mgongo wa punda, kinaenda kujengwa kwingine. Hakuna msumari. Hakuna fundi. Hakuna karatasi ya maelekezo yenye kamtu kanatabasamu. Maelekezo yako kichwani mwa mama, aliyafundishwa na mama yake.

Sasa niambie tofauti na boksi la 1956 iko wapi. Mimi naiona moja: la Sweden lilikuwa na katalogi.

Angalia pia ekicholong. Kile kigoda cha wazee, kimechongwa kwa kipande kimoja cha mti, unakikalia mchana na usiku unakiwekea kichwa. Zamani kililinda nywele zilizosukwa na kupakwa udongo zisiharibike. Kitu kimoja, kazi mbili, kinabebwa mkononi. Mfini Alvar Aalto alitoa kigoda chake maarufu cha miguu mitatu 1933, na mpaka leo kinauzwa ghali kwa sababu ni chepesi, hakina kitu cha ziada na unaweza kukitumia kama kiti au kameza. Nakipenda, sidanganyi. Lakini babu yangu alikuwa na fikra ileile kwapani akienda kuchunga.

Na msidhani wale hawakuangalia huku. Mdenmaki Ole Wanscher alitoa 1957 kigoda cha kukunja kinachoitwa Egyptian Stool, na hakuficha: kimefuata vigoda vya kukunja vya Misri ya kale. Yaani Mzungu aliangalia kigoda cha Afrika akaona dizaini. Sisi tunakiangalia tunaona ushamba.

Hapa Lokitaung hiyo ina uchungu wake. Mkitafuta mji wetu kwa Google mtapata jela: Kenyatta na wenzake waliletwa hapa 1953. Mkoloni alichagua huku kwa sababu machoni pake palikuwa mbali na patupu, mahali pa kumtupa mtu. Upungufu wetu ulihesabiwa kuwa adhabu. Leo chumba kitupu chenye kiti kimoja kinapigwa picha na kuuzwa kama amani ya moyo.

Lakini nisimalize kama shabiki wa kwetu tu, maana Waskandinavia walikuja Turkana wenyewe, na kilichotokea ni somo la pande zote.

Kalokol, karibu na ziwa, kuna jengo kubwa la kiwanda cha samaki. Lilijengwa kwa msaada wa Norway, likamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilikuwa samaki wagandishwe kwa barafu wauzwe mbali. Wanorway wanajua samaki, hiyo hakuna ubishi. Lakini kugandisha samaki kwenye jangwa kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, vitu viwili ambavyo hatukuwa navyo. Gharama zikaruka, mitambo ikafanya kazi siku chache ikazimwa. Katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yakarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson, walipokuwa wanavua, ikakauka. Kisha Oktoba 1990 serikali ya Moi ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na Wanorway wakafunga virago. Jengo likabaki. Miaka iliyofuata watu waliweka humo samaki waliokaushwa kwa jua, njia ileile waliyokuwa wanatumia kabla ya kiwanda.

Kwa haki, barabara ya Kitale kuja Lodwar nayo ilijengwa kwa pesa za Norway, na hiyo ilitufungua. Siwatukani. Ninachosema ni kwamba watu ambao kwao walijenga kila kitu kwa kufuata baridi yao, mbao zao na giza lao, walifika huku wakasahau kuuliza jua letu linataka nini. Ni kosa lilelile nililofanya na rangi nyeupe, tofauti ni bajeti.

Miaka thelathini baadaye mfuko wa hisani wa IKEA na UNHCR wakatengeneza nyumba ya wakimbizi inayokuja ndani ya maboksi. Za majaribio zilisimamishwa Dollo Ado, Ethiopia, 2013, na ikashinda tuzo ya dizaini ya mwaka 2016 ya jumba la makumbusho la Design Museum, London. Ni kazi nzuri. Lakini wakimbizi wa Dollo Ado wengi ni Wasomali, na wafugaji wa Kisomali wana aqal, nyumba ya kupinda fito, inayojengwa na wanawake na kubebwa na ngamia. Nyumba ya kupakia iliwafikia watu ambao bibi zao walikuwa wanapakia nyumba.

Sasa kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu kwetu kuna uamuzi unakuja.

Mama anataka akai ya ata ibomolewe, ijengwe nyumba ya mabati. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupinga kwa hotuba. Mama akanimaliza kwa maneno machache. Mabati yana mlango wenye kufuli. Mvua ikinyesha hayavuji. Makuti yanaisha kila mara, na anayeenda kuyakata, kuyabeba kichwani na kuyafunga upya ni mwanamke, si wewe mwenye video. Sikuwa na jibu. Mtu anayependa akai na hajawahi kuijenga anafaa anyamaze kidogo.

Lakini ata naye hakai ndani ya bati mchana. Alijaribu kwa shangazi, akatoka saa tano asubuhi akaenda kulala kivulini.

Kilichonisaidia kufikiri ni wale Waswidi. Karin Larsson hakurudi kuishi kwenye kibanda cha moshi cha mababu. Alichukua ufumaji wa zamani akaufanya upya kwa maisha ya siku zake. Hawakuchagua kati ya mababu na kisasa. Walichukua kinachofanya kazi, na wakaona kinastahili heshima na pesa. Hilo ndilo jambo la kunakili kutoka kwao. Picha tuwaachie.

Kwa hivyo tumekubaliana hivi nyumbani: bati kwa chumba cha kulala na kufuli ya mama, na mbele yake kivuli kikubwa cha makuti na fito, akai iliyofunguka, upepo upite. Makuti ninakata mimi na binamu zangu wa kiume. Kufunga fito ata atatufundisha, maana katika familia yetu wanaojua kazi hiyo vizuri wamebaki wawili, na wote wamepita miaka sabini. Hilo ndilo linanitisha kuliko bati. Akai ikibomoka unaijenga tena. Anayejua kuijenga akienda, umebaki na picha za Pinterest.

Nitarekodi hatua zote, jinsi anavyochagua fito, anavyopima kwa mikono, fundo linaloshika upepo wa huku. Itakuwa video ndefu na haitakuwa na muziki. Wewe uliye Kakuma, Lodwar, Kalokol au popote, kama nyanya yako anajua kujenga, nenda na simu kabla ya shule kufunguliwa. Usimuulize historia. Mwambie akuonyeshe fundo la kwanza.

Ile ngozi feki nilimpelekea ata kama zawadi. Ameitandika chini. Mbuzi wanailalia.