Miles Davis na Lifti Iliyokwama

Mwanamume amemuua bosi wake ofisini, akapanga mambo ionekane marehemu kajiua mwenyewe. Ameshafika garini, anainua macho: kamba aliyopandia bado inaning'inia nje ya jengo. Anarudi kuitoa. Ni Jumamosi jioni. Mlinzi anazima umeme na kwenda zake, na lifti inakwama kati ya ghorofa na muuaji akiwa ndani. Huo ndio mkasa wa Ascenseur pour l'échafaud, filamu ambayo Mfaransa Louis Malle aliiongoza mwaka 1957, akiwa bado kijana, kutokana na riwaya ya Noël Calef.

Mwishoni mwa mwaka huo mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis alikuwa Paris, akipiga katika klabu ya Saint-Germain. Malle, mpenzi mkubwa wa jazi, akamwomba aifanyie filamu muziki. Davis akaonyeshwa filamu kwanza, akarudi hotelini na kutafuta mawazo machache kwenye piano. Ni vyema hili likumbukwe, kwa sababu kuna hadithi iliyozoeleka kwamba aliingia studio mikono mitupu na kila kitu kikazuka papo hapo.

Kazi yenyewe ilifanyika usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Desemba, katika studio ya Le Poste Parisien. Kenny Clarke, Mmarekani mwenzake aliyekwisha kuhamia Ufaransa, alishika drams. Waliobaki walikuwa Wafaransa: Pierre Michelot kwenye besi, René Urtreger kwenye piano, na Barney Wilen, kijana wa miaka 20, kwenye saksafoni. Vipande vya filamu vilioneshwa ukutani, vikarudiwa tena na tena, nao wakapiga huku wakitazama. Jeanne Moreau, nyota wa filamu, alikuwapo akiwakaribisha kwa vinywaji. Kulipokucha, kazi ilikuwa imekwisha.

Walichokipiga ni kidogo mno kwa hesabu ya noti. Kwenye vipande vya polepole piano inabadilishana mafungu mawili tu ya sauti, na tarumbeta inajitafutia njia juu yake bila haraka. Mlinzi anapopita na doria yake, tarumbeta inanyamaza kabisa. Husikii ila besi na drams. Kipande cha barabara kuu nacho kina mwendo wa kasi, mbio za kawaida za jazi ya miaka ile, na kwangu mimi ndicho kipande kinachosahaulika upesi zaidi.

Utamu wote uko kwa Florence, mke wa marehemu na mpenzi wa muuaji, anapozunguka Champs-Élysées usiku akimtafuta mtu asiyetokea. Mpiga picha Henri Decaë alimfuata Moreau, anayemwigiza Florence, kwa kamera iliyopandishwa kwenye kigari cha mtoto, bila taa za sinema: uso unaangazwa na madirisha ya maduka tu, na hauna vipodozi. Mtunzi mwingine wa zama zile angemwaga vinanda hapo ili tujue kuna hatari. Davis hatishi mtu. Tarumbeta inatembea na yule mwanamke, inasimama anaposimama, na hatari tunaikumbuka wenyewe kwa kuwa tunajua nani amekwama ndani ya lifti. Filamu nyingi za uhalifu hupiga muziki wa tukio. Hii inapiga muziki wa kusubiri, na ndiyo maana sahani yake inasikilizika hata na mtu asiyeijua hadithi.

Jazi haikuwa ngeni kwenye sinema. Mwaka huohuo kundi la Chico Hamilton lilisikika katika Sweet Smell of Success, na mwaka 1959 Duke Ellington akaitungia Anatomy of a Murder muziki wa okestra nzima, kazi pana na yenye mbwembwe, ingawa kwa maoni yangu haina upweke huu.

Ufaransa ilitoa muziki wa filamu ya Malle kwenye santuri ya Fontana. Wamarekani waliupata mwaka 1959, kwenye upande mmoja wa Jazz Track ya kampuni ya Columbia. Ukiigeuza sahani hiyo unakutana na Davis akiwa na John Coltrane, Cannonball Adderley, Bill Evans, Paul Chambers na Jimmy Cobb, watu walewale aliorekodi nao albamu ya Kind of Blue.