Nguo ya Idi na Heshima ya Mja

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, linapoingia kumi la mwisho la Ramadhani hapa Unguja mjini, njia ya kutoka Darajani kuingia Mchangani haipitiki. Baada ya tarawehe kina mama wanawashika watoto wao mikono wasipotee, wenye maduka wanapima vitambaa mpaka usiku mkubwa, na mafundi wa cherehani wanakataa kazi mpya kwa wingi wa zile walizokwisha kuzipokea. Na kila mwaka, siku hizo hizo, sisi walimu huulizwa suali moja: je, kununua nguo mpya kwa ajili ya Idi ni sunna, ni ada tu, au ni israfu?

Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba ni upuuzi, na bora fedha hizo ziende kwenye chakula. Mimi naomba tusiharakishe. Ada ya watu haifai kuhukumiwa mpaka ijulikane imetoka wapi.

Tuanze na dini. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliona joho la hariri likiuzwa sokoni, akalipeleka kwa Mtume (s.a.w.) na kumshauri alinunue, ajipambe nalo siku ya Idi na siku za kupokea wajumbe. Mtume alilikataa kwa sababu ni hariri, vazi ambalo wanaume wa umma huu wamekatazwa. Wanavyuoni wakafahamu kutokana na kisa hicho kwamba kujipamba kwa ajili ya Idi kulikuwa jambo linalojulikana kwa masahaba, kwani hilo halikukanushwa. Kilichokataliwa ni ile hariri. Na imepokewa pia kwamba Ibn Umar, mwana wa Sayyidna Umar huyo huyo, alikuwa akivaa katika Idi mbili nguo iliyo bora katika nguo zake. Zingatia neno hilo, msomaji: iliyo bora katika alizonazo. Haikusemwa iliyo mpya, wala haikusemwa iliyo ya ghali.

Sasa tutazame kisiwa chetu. Katika karne ya 19 nguo hapa Unguja ilikuwa ikimtaja mtu kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1833 Sayyid Said aliandikiana mkataba wa biashara na Marekani, na mabalozi wao wakaanza kukaa hapa mwaka 1837. Jahazi zao zilizotoka mji wa Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na wazee wetu wakakiita merikani, jina ambalo limebaki mpaka leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza sana kitambaa hicho, na cha Uingereza na Bara Hindi kikachukua nafasi yake.

Merikani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Mtumwa mwanamme alijifunga kipande kiunoni. Mtumwa mwanamke alijifunga shuka moja chini ya makwapa. Kichwa wazi, miguu mitupu. Kanzu, kofia, kilemba, joho na viatu vilikuwa alama za waungwana. Wakati huo huo, katika majumba ya kifalme, Idi ilikuwa na maandalizi yake makubwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameyaeleza maisha hayo katika kitabu alichokitoa Ujerumani mwaka 1886, na humo amezitaja sikukuu na zawadi alizokuwa akizigawa baba yake. Basi siku moja ya Idi, katika mji mmoja, walikuwapo waliovaa zari na waliovaa kaniki iliyopauka, na wote wanasema Allahu Akbar.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 katika zama za Sayyid Barghash. Tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hukumu ya utumwa. Hata hivyo mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Mambo hayakumalizika mpaka mwaka 1909. Watu wengi waliopata uhuru walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa kijito kilichokuwa kikiutenga mji, wakawa vibarua, wachuma karafuu, wachukuzi na wauzaji wadogo wadogo.

Na walifanya nini na fedha yao ya kwanza? Walinunua nguo. Mwanamme alishona kanzu na kuvaa kofia. Mwanamke aliitupa kaniki akanunua doti ya kanga, vazi ambalo halikuwa la siku nyingi, maana lilienea pwani yetu katika robo ya mwisho ya karne hiyo ya 19. Baadaye, karne ya 20 ilipoanza, akavaa na buibui. Mtu asiyejua angesema: masikini hawa hawana akili, wanamaliza fedha kwa mapambo. Lakini yule aliyekuwa ameamriwa kichwa wazi maisha yake yote, anapotia kofia akaenda kusali Idi na kusimama safu moja na aliyekuwa bwana wake, hajipambi tu. Anasema kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu peke yake. Hapa kwetu, ndugu msomaji, nguo ya Idi ilipata uzito wake katika mambo hayo.

Niruhusu nieleze yaliyonipata mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 nilikuwa mtoto wa chuoni. Bidhaa zilikuwa haba kisiwani. Mchele na sukari tulivipangia foleni, na kitambaa kilikuwa adimu. Idi moja mama yangu aliifumua kanzu ya marehemu baba, akaipindua nje ndani ili upande usiochakaa uonekane, akanishonea kwa mkono. Niliijua kanzu ile, nikalia na kukataa kuivaa. Bibi yangu aliniita chumbani kwake akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na doti moja ya kanga, imekunjwa na kufukizwa udi, ambayo haikutoka isipokuwa Idi mbili. Akaniambia: "Mjukuu wangu, bibi yangu mimi alizaliwa mtumwa. Alipopata uhuru alichuma karafuu msimu mzima, akanunua doti, akaiweka hata siku ya Idi. Hakuwa na nyengine. Akanifunza kwamba nguo ya Idi ni ile uliyoitunza." Niliivaa kanzu ya baba, nikaenda Mnazi Mmoja na wenzangu, na sikumbuki kwamba kuna aliyenicheka.

Hilo ni la utotoni. La utu uzima linanitia haya zaidi, na nalisema ili liwe funzo. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, madukani nguo zilirudi kwa wingi. Mimi nilikuwa kijana ninayesomesha. Siku ya kufunga chuo kabla ya Idi niliwaambia watoto, kwa mzaha, kwamba tukifungua kila mmoja aje na nguo yake mpya, na waliopendeza watakaa mbele. Wakaja, wakang'ara, nikawapanga. Mtoto mmoja hakuja. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nikaenda kwao Ng'ambo kumuulizia. Mama yake, mjane, akanijibu kwa adabu: "Maalim, amesema hana nguo ya Idi, na utamkalisha nyuma."

Nilirudi nyumbani siwezi kula. Aya ya 31 ya Suratul A'raf ilikuwa katika masomo yangu mwezi ule ule. Aya inayotuamrisha tuchukue mapambo yetu tunapokwenda kusali, na papo hapo inatukataza israfu. Kwa ulimi niliifasiri vizuri, na kwa mkono nikawapanga watoto wa Kiislamu mbele na nyuma kwa nguo zao, kama walivyopangwa watu wa zamani kwa kaniki na kanzu. Yule mtoto alirudi baada ya mimi kumuomba radhi yeye na mama yake. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtoto habari ya nguo.

Basi jawabu langu kwa suali la kila mwaka ni hili: kujipamba kwa ajili ya Idi ni jambo jema, na kwetu lina historia inayostahiki kuheshimiwa. Lakini ada iliyoanzishwa na watu waliokuwa wakikimbia kudharauliwa haifai leo iwe njia ya kuwadharau wengine. Na hapo ndipo tulipofika. Sikukuu yetu ni siku nne, na mtoto anataka nguo nne, ya siku mosi si ya siku pili; baba anakopa, na deni la Mfunguo Mosi linamfikisha Mfunguo Tatu hajalimaliza.

Nawausia, na naiusia nafsi yangu kwanza. Mwenye nia ya kununua aweke kidogo kidogo tangu mapema, au acheze upatu na wenzake wanaoaminiana, na anunue kitambaa mwezi wa Rajabu, wala asingojee kumi la mwisho bei ikapanda. Asiyenacho asikope, afue, apige pasi, afukize, avae iliyo bora katika alizonazo, kwani huo ndio mwendo wa Ibn Umar. Nguo ya Idi itunzwe: baina ya Idi na Idi ni kiasi cha siku 70 tu, na iliyovaliwa Mfunguo Mosi ikakunjwa vizuri yatosha Mfunguo Tatu. Na wewe uliyejaaliwa, unaponunua kitambaa cha wanao, ongeza dhiraa za mtoto wa jirani aliye yatima. Umpelekee mamake kwa siri, na mapema, fundi apate nafasi ya kushona, kwani kitambaa kinachofika usiku wa Idi humliza mtoto mara mbili.

Ukifika kusali Idi inayokuja, tazama safu uliyosimama. Ukimuona mtoto mwenye kanzu iliyopinduliwa, msogeze karibu yako.

Mwenyezi Mungu atupe kuvaa vazi la uchamungu, ambalo Kitabu chake kimetufunza kuwa ndilo bora kuliko yote. Amin.