SAFU YA LUGHA: Pancha

Juzi kijana aliyeshuka milimani na baiskeli alimwambia fundi wa chini ya mwembe, "Tairi limepata pancha." Fundi akaizamisha tyubu kwenye karai la maji, akaizungusha yote: hakuna kitu. Kumbe valvu ililegea.

Neno hili tumelichukua kwa Waingereza, na maana yake ni tundu lililotobolewa. Bila tundu hakuna pancha, ndugu yangu. Tyubu inayovuja kwenye valvu imepungua upepo tu. Tairi lililochanika kwa kishindo limepasuka. Tena kinachotoboka kwa kawaida ni tyubu. Tairi ni ganda la nje, ingawa hapo nimeshachoka kubishana na watu.

Nilizoea kusema pancha lazima iwe na mwiba au msumari. Waendesha baiskeli za milimani wamenisuta. Wao hupunguza upepo ili tairi lishike udongo vizuri; wakizidisha, jiwe huibana tyubu kwenye ringi na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo nayo ni pancha halali.

Na vile vibao vya "Tunatengeneza pancha"? Mwenye kutengeneza pancha ni yule anayemwaga misumari barabarani. Fundi huziba.