Muziki wa Wabukuaji

Kila shule niliyofundisha ilikuwa na wanafunzi walioitwa kwa kejeli wabukuaji: wale waliopenda vitabu na mitambo kuliko kandanda. Huko Marekani watoto wa aina hiyo huitwa nerd, na jina hilo lilikuwa tusi. Wenyewe wakaligeuza likawa bendera.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mchezo wa mkononi unaoweza kutoa sauti nne tu kwa wakati mmoja. Mwaka 2000 Johan Kotlinski, raia wa Sweden, alitunga programu ya kuugeuza mchezo huo kuwa ala ya muziki. Mwaka huohuo wimbo wa MC Frontalot uliupa muziki wa kufokafoka wa wabukuaji jina la nerdcore. Mwaka 2002 tamasha la MAGFest lilianza mjini Roanoke, Virginia; baadaye likahamia National Harbor, Maryland, kando ya mto Potomac.

Huko ndiko nilikokwenda na rafiki zangu wawili, walimu wastaafu, tulipokuwa ziarani Marekani. Kijana mmoja alipanda jukwaani na Game Boy mbili, ukumbi mzima ukasimama. Rafiki yangu wa hisabati alihesabu kwa vidole: nne na nne, nane. Haba na haba hujaza kibaba.

Msomaji wangu, mtoto anayechekwa darasani huhitaji wenzake kuliko huruma yetu. Vijana hawa walijitafutia wenzao wakiwa watu wazima. Mwalimu hodari huwakutanisha mapema, shuleni.