Mchezo wa Walimu, Mali ya Umma

Tunapojadili ufundishaji wa kompyuta katika shule za sekondari, mara nyingi hoja zetu huishia kwenye idadi ya mashine. Mimi ningependa tuanzie kwingine: nani hutunga nyenzo za kufundishia, na nani huzimiliki? Historia ya jimbo la Minnesota, Marekani, ina jibu lisilopendeza sana.

Mwaka 1971 Don Rawitsch, mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha historia mjini Minneapolis, alihitaji njia ya kueleza safari za walowezi waliohamia magharibi katika karne ya 19. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walijua kuandika programu. Kwa muda wa wiki mbili hivi wakatunga mchezo walioupa jina la The Oregon Trail. Darasani hapakuwa na skrini. Palikuwa na mashine ya chapa iliyounganishwa kwa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, nayo ilichapa kila jibu kwenye karatasi. Aliyetaka kuwinda alipaswa kuandika neno BANG upesi na bila kosa. Vidole vikichelewa, chakula kilikosekana. Mwanafunzi alidhani anasoma historia (iliyosimuliwa, tusisahau, kwa jicho la mlowezi, wenye ardhi wakiwekwa pembeni), kumbe alikuwa anazoea kibodi, anapanga bajeti ya risasi na chakula, na anajifunza kwamba mashine hufuata maagizo kama yalivyoandikwa, si kama yalivyokusudiwa.

Muhula ulipokwisha programu ilifutwa. Rawitsch alibaki na nakala yake ya karatasi, na mwaka 1974, alipoajiriwa na MECC, taasisi ambayo jimbo lilikuwa limeiunda mwaka 1973 ili kuzifikishia shule huduma za kompyuta, akaiandika upya. Watunzi hao watatu hawakupata mrabaha. Shule za jimbo zima zikaupata mchezo, na MECC ikaendelea kutunga programu nyingine na kuwafunza walimu namna ya kuzitumia.

Mwaka huohuo wa 1974 Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta. Athari yake, nionavyo, haikuwa ukosefu wa mashine peke yake: tuliikosa pia hatua ile ya mwalimu kujitungia somo. Zuio lilipolegezwa, mashine zilikuja na programu zilizokwisha kutungwa na wengine.

Lakini hata Minnesota haikuitunza mali yake. Mwaka 1991 jimbo liliiuza MECC kwa takriban dola milioni 5.25. Mwaka 1996 kampuni ya SoftKey iliinunua kwa takriban dola milioni 370. Wapo watakaosema kwamba tofauti hiyo ni ustadi wa biashara. Sehemu yake, sikatai. Iliyobaki ni kodi za wananchi wa Minnesota na kazi ya walimu wao, ambayo katika mauzo ya 1991 haikupewa thamani yake.