Upasuaji wa pua ng'ambo: Daktari hubaki, mgonjwa hurejea na kidonda

UPASUAJI wa kurekebisha pua kwa ajili ya urembo huchukua saa mbili au tatu hivi. Kupona huchukua mwaka mzima, na pengine zaidi. Kwa Mkenya anayeabiri ndege kwenda Istanbul au Mumbai, hii ina maana kwamba daktari aliyeshika kisu humwona kwa siku chache tu, na muda wote uliosalia kidonda huuguzwa nyumbani. Nyumbani huko huenda kukawa Ogwedhi, kituo cha biashara katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Trans Mara, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi.

Bei inayotangazwa na hospitali nyingi za ng'ambo hujumuisha upasuaji, hoteli na gari la kumpokea mgonjwa. Kisichojumuishwa ni daktari wa kumwangalia wiki ya tatu, wakati pua inapoanza kutoa harufu mbaya na aliyeifanyia kazi yuko umbali wa saa nyingi za ndege.

Ufundi wenyewe si mpya. Nchini India pua zilizokatwa zilikuwa zikiundwa upya kwa ngozi ya uso tangu zama za kale, na habari za upasuaji wa aina hiyo zilichapishwa katika jarida moja la London mwaka 1794. Daktari John Orlando Roe wa Marekani alieleza mwaka 1887 jinsi ya kurekebisha pua bila kuacha kovu la nje, naye Jacques Joseph akaiendeleza kazi hiyo mjini Berlin kuanzia mwaka 1898. Hata historia ya tiba ya Afrika Mashariki inagusana na jambo hili. Madaktari watatu walioanzisha shirika la AMREF mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kuunda viungo, na Rees alikuja kuwa daktari mashuhuri wa urembo mjini New York. Wakati huo daktari ndiye aliyepanda ndege kumfuata mgonjwa.

Baada ya upasuaji, pua hufunikwa kwa bamba dogo linaloshikilia mifupa na gegedu, ambalo kwa kawaida huondolewa baada ya wiki moja hivi. Macho huvimba na ngozi iliyo chini yake hubadilika rangi kwa muda wa wiki mbili au tatu. Kupumua kwa pua huwa kwa shida, na mgonjwa hulala chali kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Hapaswi kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na akitaka kupiga chafya aache kinywa wazi. Dawa za maumivu za jamii ya aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo zisimezwe bila idhini ya daktari.

Idara ya afya ya Uingereza huwashauri wagonjwa wasisafiri kwa ndege hadi siku 7 hadi 10 zipite baada ya upasuaji wa pua au uso. Ushauri huo hupuuzwa mara nyingi kwa kuwa kila usiku wa hoteli una gharama yake. Kukaa kwenye kiti kwa saa nyingi baada ya kupigwa nusukaputi huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtu akipungukiwa na pumzi ghafla, hata siku kadhaa baada ya kufika, anahitaji hospitali mara moja. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika eneo la Ziwa Victoria, anapaswa kumweleza daktari mapema, kwani nusukaputi na upungufu wa oksijeni vinaweza kumletea madhara makubwa. Asiyejua hali yake apimwe kabla ya kulipa nauli.

Safari haimaliziki uwanjani. Kutoka Nairobi hadi Migori ni karibu siku nzima ya basi, kisha huja barabara za vumbi ambako mara nyingi usafiri ni bodaboda. Kofia ya chuma inayofunika uso wote inaweza kuigonga pua mbichi ikivaliwa au kuvuliwa, na kupanda pikipiki bila kofia ni hatari zaidi. Ni afadhali mgonjwa akodi gari, au apumzike Nairobi siku kadhaa.

Nyumbani kazi humngoja. Kuinama kufua, kulima na kubeba mtungi wa lita 20 huongeza msukumo wa damu usoni, nayo pua huanza kuvuja. Shughuli hizo huahirishwa kwa wiki tatu au nne, na mpira wa miguu kwa wiki sita au zaidi. Miwani haipaswi kuegemea pua kwa muda kama huo. Moshi nao ni adui, uwe wa kuni jikoni au wa sigara, kwani hukausha na kuwasha ngozi laini ya ndani, na nikotini hupunguza damu inayofika kwenye kidonda.

Hatari inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika sehemu hizi ni homa. Migori imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria ni ya kawaida, na mtu akihisi joto mwilini hukimbilia dukani kununua dawa. Kwa aliyepasuliwa pua, homa hiyo huenda ikatokana na usaha. Damu inaweza kukusanyika kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, yakaziba yote mawili na maumivu yakazidi badala ya kupungua. Damu hiyo isipotolewa, gegedu hukosa lishe na huweza kufa katika muda wa siku chache, kisha mgongo wa pua hubonyea. Apimwe malaria, naam, lakini hata ikipatikana ni lazima pua nayo ichunguzwe. Hospitali ya rufaa ya Migori au ya Kisii ndiko kwa kuanzia, na wala si haki kumficha mhudumu habari za upasuaji kwa kuona haya.

Pua nyingi za Kiafrika huongezewa, kwa gegedu la sikio au la ubavu, au kwa kipande cha silikoni. Kila njia ina shida zake. Kovu la keloidi ni nadra puani, lakini kifuani na sikioni, mahali gegedu linapotolewa, hutokea kwa urahisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Silikoni nayo inaweza kusogea au kutokeza nje ya ngozi hata miaka mingi baadaye, na daktari wa Kisumu atahitaji kujua kilichowekwa.

Kwa sababu hiyo mgonjwa asiondoke ng'ambo bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, majina ya dawa alizopewa, aina ya kitu alichopachikwa na nambari ya simu ya daktari. Mwaka 2023, Wamarekani waliofanyiwa upasuaji wa urembo mjini Matamoros, Mexico, waliugua homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na kuvu, na baadhi yao wakafa. Chanzo kilihusishwa na sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo si ya upasuaji wa pua, lakini dalili ziliwajia baadhi yao wiki kadhaa baada ya kurejea kwao.

Ni busara pia kumtafuta daktari wa kumwangalia mgonjwa hapa nchini kabla ya safari. Orodha ya waliosajiliwa huwekwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Baadhi ya madaktari husita kugusa kazi ya mwenzao wasiyemjua, na bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo, hivyo fedha za matatizo zitengwe kando ya nauli.

Uvimbe mwingi hupungua katika miezi michache, ila ncha ya pua hukawia, hasa kwa wenye ngozi nene, ambao huweza kungoja mwaka mmoja na nusu. Anayejitazama kwenye kioo mwezi wa pili na kuona pua kubwa kuliko aliyoondoka nayo hajaiona pua yake bado. Wagonjwa kati ya 5 na 15 katika kila 100 hurudi kupasuliwa tena, na kwa kawaida madaktari hukataa kufanya hivyo kabla ya mwaka kuisha.